Vijana wa harakati, ile karatasi mnayotia sahihi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa nimeudhika, na sitaficha. Juzi mkutano wa maoni juu ya bajeti ya kaunti ulianza saa nne. Ninyi mliingia saa sita kasoro, na nyimbo na mabango. Karatasi ya mahudhurio ikapita, mkatia sahihi mmoja baada ya mwingine, mkapokea soda na nauli, mkaenda zenu. Hakuna aliyeuliza pesa za maji ziko ukurasa gani.

Mnajua karatasi ile huishia wapi? Hubanwa nyuma ya ripoti. Kesho mtu akienda mahakamani kulalamika kwamba wananchi hawakushirikishwa, yatatolewa majina yenu, na namba za simu juu yake. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, nanyi mmetoa ushahidi huo kwa soda! Kama hamkupewa kitu cha kusoma, andikeni kando ya jina: "Sikupewa nakala ya bajeti." Afisa atanuna. Mwacheni anune.

Nawapenda, jamani. Mwaka 2024 mliukataa Mswada wa Fedha mpaka Rais akatangaza, Juni 26, kwamba hatautia sahihi. Wenzenu walikufa kwa hilo, na bado nawaombea. Lakini makadirio ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla Aprili haijaisha, na huko hakuna kamera. Ndiko dawa za zahanati zinakopatia fungu au kulikosa.

Na sisi wazee tusijitoe. Mheshimiwa akija matangani na bahasha, tunampigia makofi. Zile shilingi 2,000 za mwezi za waliotimiza miaka 70 zikichelewa, tunaguna barazani, basi. Umaskini umezoeshwa kushukuru. Msituige.

Mengine kwa ufupi. Ombeni hati kwa barua. Sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 kujibu. Mwenzenu akiitwa kwenye kamati ya serikali, aende, lakini awaambie kabla, na arudi na taarifa. Msizozane mbele ya maafisa. Na akina mama wa soko la samaki waiteni wazungumze wenyewe. Wao ndio wanaojua ushuru unavyowauma, si mratibu wenu.

Mzee wenu,
Pwani