Wakili alilala, mfungwa ndiye anayebisha mlango

Kwa Mhariri,

Mdogo wangu alipohukumiwa kifungo cha miezi 18 hapa Nairobi, hakimu alimalizia kwa maneno yale yale ya kila siku: una siku 14 za kukata rufaa. Wakili wetu akaitikia kwa kichwa. Jioni ile nilimlipa sehemu ya ada, nikapanda matatu ya Kayole nikijua kazi imeanza. Wiki ya sita tulipomfuata, akatuambia karani wake hakuwasilisha chochote, na karani mwenyewe keshaacha kazi. Risiti yangu ninayo hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa sheria kwa lazima. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema hivi: ukichelewa kwa sababu nakala ya hukumu na rekodi ya kesi hazikupatikana kwa wakati ufaao baada ya kuombwa, ni lazima Mahakama Kuu iipokee rufaa yako. Sababu nyingine yoyote, ukiwemo uzembe wa wakili, mahakama "inaweza" kuipokea ikiridhika. Yaani karatasi zikikwama, mlango unafunguliwa. Wakili akilala, ubishe na usubiri.

Watetezi wa utaratibu huu hutaja kesi ya Salat ya 2014, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu, na kwamba anayeomba sharti aeleze kuchelewa kwake. Sawa. Lakini ile ilikuwa kesi ya uchaguzi. Mwanasiasa anaweza kumfukuzia wakili wake hadi ofisini. Mfungwa atamfukuzia wapi?

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2000, katika kesi ya Roe v. Flores-Ortega, kwamba mshtakiwa aliyemwagiza wakili wake akate rufaa, wakili asikate, anarudishiwa rufaa yake bila kudaiwa kwanza athibitishe kwamba angeshinda. Sisi tuna ibara ya 50 ya Katiba, inayompa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa, na bado tunampima aliyekosewa kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

Ninachoomba Bunge ni kidogo: mfungwa akionyesha kwamba aliagiza rufaa ndani ya siku 14, "inaweza" iwe "ni lazima". Wapo watakaodanganya, sikatai. Ndiyo maana pawe na ushahidi: risiti, ujumbe wa simu, au sahihi katika daftari la gereza. Kifungu cha 351 tayari kinamruhusu mfungwa kumkabidhi mkuu wa gereza ardhihali yake ya rufaa aipeleke mahakamani, basi askari jela wamuulize kila mfungwa mgeni wiki ya kwanza rufaa yake imefika wapi. Swali hilo halihitaji bajeti.

Nimeshauriwa nimshtaki wakili kwa wanaosimamia nidhamu yao. Nitamshtaki. Hata akiadhibiwa, siku za mdogo wangu hazirudi, na tangu siku ya hukumu kifungo chake hakijasimama hata saa moja kumsubiri mtu.

Ombi letu la kuongezewa muda liko mbele ya mahakama mwezi ujao. Litatajwa tu, si kusikizwa.

Dada wa mfungwa,
Kayole, Nairobi