Makombe ya ziwani yapimwe kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Kuhusu taarifa yenu ya mayai yenye maganda mepesi: mara nyingi kosa si la kuku. Makombe ya konokono yanayookotwa ufukweni mwa Ziwa Viktoria huuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku yakiwa yamechanganyika na mchanga, na mchanga haumpi kuku kalsiamu, madini yanayojenga ganda la yai.

Mfugaji aloweke kijiko kidogo cha unga wa makombe katika glasi ya siki usiku kucha. Kombe hutoa mapovu na kuyeyuka. Kinachobaki ni mchanga, uliolipiwa bei ya kombe. Makombe safi yatiwe kilo 8 hadi 9 katika kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga (vifaranga wasipewe kamwe kiasi hiki, kitaharibu figo zao). Nusu yawe vipande vya milimita 2 hadi 4: hukaa kwenye firigisi na kutoa kalsiamu usiku, ganda linapojengwa.

Maofisa mifugo wa wilaya wapeleke siki hiyo madukani.

Mchanganyaji wa vyakula vya kuku,
Mukono