Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: adhabu nyepesi kwa watesaji wa watoto zikatiwe rufaa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa kosa la ukatili kwa mtoto, Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998, inamruhusu hakimu kumfunga mkosaji miaka 5 hadi 15, au kumtoza faini isiyozidi shilingi 300,000, fedha ambayo leo hainunui dume la ng'ombe katika mnada wa Msalato. Penye pengo kubwa kiasi hicho, rufaa ndiyo kinga ya mtoto, na ufunguo wake unao wewe: si mtoto, si bibi yake wala afisa ustawi wa jamii anayeweza kuikata. Ofisi yako nayo hutakiwa kutoa taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 30.

Siku hizo huisha upesi. Bibi wa kijiji cha mbali huko Chemba au Mpwapwa huitwa kutoa ushahidi, kisha hurudi kwake. Adhabu husomwa siku nyingine, naye aweza kuisikia pale tu mtesaji anapoonekana tena kijijini.

Sisemi kila adhabu nyepesi ni kosa, kwani yapo mashauri ambayo kumfunga mlezi ni kuwaacha watoto wengine na njaa. Ninachokipinga ni sababu. Kumpunguzia mtu adhabu kwa kuwa "ana familia inayomtegemea", ilhali aliyeunguzwa mikono ni mmoja wa hao wanaomtegemea, ni kuligeuza kosa kuwa utetezi. Mahakama Kuu haiingilii adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine; huingilia hakimu anapokiuka misingi ya sheria au adhabu inapokuwa ndogo kupita kiasi, na kwa maoni yangu sababu ya namna hiyo inastahili kupimwa huko.

Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, mwananchi yeyote anaweza kumwomba Mwanasheria Mkuu aipeleke adhabu nyepesi ya makosa mazito Mahakama ya Rufani, ndani ya siku 28. Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge. Waraka wako unatosha kuwaagiza waendesha mashtaka wa wilaya wawajulishe walezi adhabu siku inapotolewa, wapokee maombi yao ya rufaa hata yakiandikwa kwa mkono, na wawajibu kwa maandishi, pamoja na sababu, kabla siku 30 hazijaisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Chamwino, Dodoma.