Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Nafasi za michezo ya theluji ziwafikie na watoto wa Bahi, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Dodoma, na leo nawasemea vijana ambao jina lao haliingii kwenye orodha yoyote ya safari.

Tanzania haijawahi kupeleka mwanamichezo hata mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Tumezoea kusema sababu ni theluji. Mbona Kenya nao hawana zaidi yetu? Mwaka 1998 Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alishindana Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za ski, yaani vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Alifika wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja hadi akamaliza. Miaka 20 baadaye, kwenye Olimpiki ya baridi ya PyeongChang, Korea Kusini, nchi 8 za Afrika zilikuwepo.

Nilifurahi sana, ila kuna jambo linaniuma: wengi wa wanamichezo wale walikulia Ulaya, Kanada au Marekani. Bendera ilikuwa yetu Waafrika, lakini mtoto wa mkulima wa zabibu au alizeti hakuwepo. Kilichomzuia ni pesa na makaratasi.

Tuanze na makaratasi. Jimbo la Gangwon huko Korea Kusini lilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuwaalika vijana wa nchi zisizo na theluji wakajifunze michezo hiyo. Mialiko ya namna hii inapotokea, anayeiwahi ni mwenye pasipoti tayari. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kabla yake kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho watoto wengi wa vijijini hawana. Mheshimiwa, kijana anaweza kuwa na mapafu ya kupanda mlima bila kupumzika, akaachwa kwa kukosa cheti! Naomba mialiko itangazwe hadi kwenye kata, mchujo ufanyike kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na Serikali ilipie nyaraka za atakayechaguliwa.

Kuhusu mazoezi, hatuhitaji kusubiri ndege. Wanaski wa Ulaya wenyewe, kiangazi kikifika, hufanya mazoezi barabarani kwa ski fupi zenye magurudumu, wakijisukuma kwa fimbo mbili. Kinachotakiwa ni lami nzuri, na Dodoma tunayo. Mvua zikikatika Mei, hatuzioni tena hadi karibu Desemba. Jumapili asubuhi barabara za Mji wa Serikali Mtumba huwa na magari machache. Tunaomba kipande kimoja kifungwe kwa saa chache, awepo askari wa usalama barabarani na mhudumu wa afya.

Vifaa viwe mali ya shule na viazimwe. Mguu wa mtoto unakua kila mwaka, hakuna mzazi wa Chang'ombe atakayemudu kununua viatu vipya kila mara. Kofia ngumu na vikinga magoti visikosekane. Na vijana wasioweza kusimama wasisahaulike, maana kwenye Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, wapo wanaoshindana wakiwa wameketi juu ya ski. Kiti chenye magurudumu imara kinatosha kuanzia kwenye lami ileile.

Niko tayari kuwafundisha bila malipo, na walimu wenzangu kadhaa wameshakubali kuungana nami. Tukipewa kibali kabla ya Mei, tutaanza msimu huu wa kiangazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa michezo, Dodoma