Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo na Sanaa: mcheza dansi naye ana goti

Mheshimiwa Waziri,

Nikiwa na miaka 19 niliruka jukwaani, nikatua vibaya, kifundo cha mguu wa kushoto kikateguka. Lilikuwa onyesho la pili kati ya matano. Nyuma ya pazia nikapakwa dawa ya kuchua, nikafungwa bandeji, nikarudi kumalizia. Siku ya tatu mguu haukuingia kwenye kiatu. Hospitalini niliulizwa nafanya kazi gani, nikasema nacheza dansi. "Basi acha kucheza kwa muda," daktari akaniambia, akaniandikia dawa za maumivu. Muda gani, hakusema. Namna ya kuufundisha mguu ule kusimama tena, hakuna aliyenionyesha. Baada ya wiki tatu nilikuwa jukwaani. Kifundo hicho kiliteguka mara nne nyingine, na nilipofika miaka 24 dansi ikawa imeisha.

Leo mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Wanasoka na wanariadha huletwa kwangu na klabu zao, siku ileile au kesho yake. Wacheza dansi, waimbaji na wapiga ala huja wenyewe, wameelekezwa na rafiki, na wengi wao wameishi na maumivu kwa miezi kadhaa. Wizara yako inayabeba makundi yote mawili katika jina lake. Lakini kila tiba ya michezo inapozungumzwa, kundi linalotajwa ni moja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na wasanii hawapo.

Sisemi kwamba wanamichezo wamependelewa. Walichonacho kimepatikana kwa uchungu. Tarehe 26 Juni 2003, jijini Lyon, mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafariki. Kuanzia Kombe la Dunia la 2006, FIFA ikaanzisha uchunguzi wa afya ya wachezaji, moyo ukiwamo, kabla ya mashindano. Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, moyo wa mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark ulisimama katikati ya mechi. Walikuwepo watu waliojua kukandamiza kifua, na mashine ya kuushtua moyo ilikuwa karibu. Mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena, akiwa na kifaa kilichopandikizwa mwilini kuulinda moyo wake. Hayo yaliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyeketi ofisini akaandika kwamba ni lazima yawepo. Sasa niambie, Mheshimiwa: katika kumbi ambazo wasanii hutoka jasho kwa saa mbili chini ya taa kali, ni wapi palipoandikwa kwamba mashine hiyo lazima iwepo?

Mwili haujui kama unaumia kwa ajili ya kombe au kwa ajili ya makofi. Upo mvunjiko wa mfupa wa tano wa wayo ambao madaktari wa mifupa wameupa jina la mcheza dansi, kwa jinsi unavyowapata watu wanaotua wakiwa wamesimama kwenye ncha za vidole. Ipo hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014: mtu anakula kidogo kuliko nguvu anazotumia, mwanamke anakosa hedhi, mifupa inadhoofika, na nyufa ndogondogo zinatokea bila kuanguka popote. Ilielezwa kwa ajili ya wanariadha, lakini mimi naikuta zaidi kwa wasichana wa dansi wanaoambiwa kila siku wapungue. Msichana wa namna hiyo akifika kliniki ya kawaida, hupigwa eksirei ya mguu na kuambiwa apumzike. Nadra aulizwe alikula nini jana, au mara ya mwisho aliingia hedhi lini.

Wapiga ala wana yao. Mpiga kinanda Leon Fleisher alipoteza matumizi ya mkono wa kulia katikati ya miaka ya 1960. Vidole vyake viwili vilijikunja vyenyewe na kukataa kunyooka. Akabaki akipiga muziki ulioandikwa kwa mkono wa kushoto, akafundisha, akaongoza okestra, na ilichukua takriban miaka 30 kabla ya matibabu kumrudishia mkono wa pili. Tatizo hilo liko kwenye ubongo unaoamuru vidole, na inakadiriwa humpata mwanamuziki 1 kati ya 100. Daktari asiyelijua atamchoma sindano za kiwiko hadi achoke. Waimbaji nao wanapata vinundu kwenye nyuzi za sauti. Vikigunduliwa mapema, mara nyingi vinapungua kwa kupumzisha sauti na kujifunza upya namna ya kuitumia, bila kisu. Na masikio: kelele ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8, lakini kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Kwenye desibeli 100 ni robo saa tu. Mpiga ngoma anafanya mazoezi saa tatu.

Lakini jambo linalonikosesha usingizi zaidi si uhaba wa vifaa. Ni suala la nani anayesema "sasa rudi."

Utafiti wa Oslo, Norway, na Delaware, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti, ukano unaoishikilia mifupa ya goti. Kila mwezi waliosubiri zaidi kabla ya kurudi michezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa takriban nusu. Mwanasoka mwenye mkataba anaweza kusubiri miezi hiyo 9 akilipwa. Mcheza dansi anayelipwa kwa onyesho hawezi. Akisema anaumwa nafasi yake inachukuliwa wiki hiyohiyo, kwa hiyo hasemi. Nimewahudumia watu walioniomba nisimwambie mwalimu wao hata kwamba walifika. Nimeona binti akichomwa ganzi mguuni nusu saa kabla ya pazia kufunguliwa, na aliyeagiza sindano hiyo ni mtu aliyekuwa ameuza tiketi. Alicheza vizuri sana usiku ule. Hakuhisi chochote, na ndipo mfupa uliokuwa na ufa ulipokatika kabisa.

Hata viwanjani vita hiyo haijaisha. Mchezaji akigongwa kichwa na kuonekana amepata mtikisiko wa ubongo, mwongozo wa kimataifa unataka atoke na asirudi siku hiyo. Bado tunaona makocha wakibishana na madaktari mbele ya kamera. Lakini angalau pale pana mwongozo wa kubishania. Mwanasarakasi aliyepiga kichwa sakafuni hana hata huo.

Ninachokuomba hakihitaji jengo jipya. Popote mwongozo wa wizara unapomtaja mwanamichezo, umtaje na msanii wa jukwaani, ili kliniki za michezo zilizopo zimpokee kwa haki na si kwa hisani. Mwambie mwenzako wa Afya kwamba madaktari na wataalamu wa fiziotherapia wanaofunzwa tiba ya michezo wafundishwe pia mwili wa mcheza dansi, mkono wa mpiga ala na koo la mwimbaji. Uingereza ina shirika la BAPAM linalowapa wasanii huduma hiyo tangu mwaka 1984, na Marekani ina chama cha madaktari wa wasanii tangu 1989, kwa hiyo maarifa yapo na yameandikwa. Na kibali cha kumbi za maonyesho kiwe na sharti la mashine ya moyo na mtu aliyefunzwa kuitumia.

La mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalolisisitiza: iandikwe wazi kwamba anayeruhusu mtu aliyeumia kurudi uwanjani au jukwaani ni mtaalamu wa afya, asiyelipwa kutokana na mechi wala onyesho hilo, na kwamba siri za mgonjwa hazipelekwi kwa kocha, mwalimu wala mwandaaji bila ridhaa yake. Msanii anayekaa nje kwa agizo la mtaalamu asinyang'anywe nafasi yake kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya agizo hilo.

Nina majalada ya miaka 11, majina yakiwa yameondolewa kwa ridhaa ya wenyewe. Niko tayari kuyaleta mbele ya kamati yoyote utakayoiunda, na wapo wacheza dansi sita waliokubali kuja nami na kusema kwa vinywa vyao.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa fiziotherapia, aliyekuwa mcheza dansi

Nakala: Waziri wa Afya