Kinu kidogo au sola na betri? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Kenya ijenge kinu kidogo cha nyuklia au itandaze sola na betri. Chukua kalamu tupige hesabu, maana wengi hulinganisha megawati (MW), yaani nguvu iliyoandikwa kwenye kibao, wakasahau megawati-saa (MWh), yaani umeme unaotoka kwa siku nzima.

Kinu cha MW 77 kikifanya kazi asilimia 90 ya wakati hutoa MWh 1,660 hivi kwa siku. Sola ikipata jua kali kwa muda wa saa 5 kwa siku, kila MW 1 ya paneli hutoa MWh 4 tu baada ya hasara: vumbi, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uweze kuingia kwenye gridi), na joto hasa. Paneli ikifika nyuzi 60 huwa imepoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Ukitaka sola iige kinu usiku kucha, pamoja na asubuhi na jioni jua likiwa hafifu (jumla saa 15 hivi), MWh 1,040 hivi lazima zitoke kwenye betri, nayo betri hula kama asilimia 12 ya unachoitia. Basi utahitaji paneli za MW 450, betri za MWh 1,300 ili usizitumie kupita asilimia 80, na si chini ya hekta 450. Siku mbili za mawingu mfululizo bado hatujazigusa.

Kwa hesabu hiyo kinu kinashinda. Pevek, kule kaskazini mwa Urusi ambako jua hutoweka kwa majuma, vinu viwili vya MW 35 juu ya meli vinauza umeme tangu 2020, na sioni sola ingefanya nini huko wakati wa baridi.

Ila kwetu usiku wa manane matumizi hushuka hadi mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huachiliwa hewani. Kinu kingegombania saa hizohizo, na mkopo wake hulipwa kizalishe kisizalishe. Tunapobanwa ni jioni, saa kumi na mbili hadi saa nne usiku. MW 100 kwa saa hizo nne ni MWh 400: betri za MWh 500 na paneli za MW 115 zinatosha. Zamu ya usiku wa manane ibebwe na jotoardhi na maji.

Bei nayo iangalie. Mradi wa vinu sita vya MW 77 kule Idaho, Marekani, ulipanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa MWh kabla hata ya kuanza kujengwa, ukafutwa Novemba 2023.

Usidhani betri hazina kasoro. Joto huzizeesha, kwa hiyo viyoyozi vya makontena ya betri vihesabiwe kama matumizi ya mradi. Seli moja dhaifu kwenye mfululizo huzuia zote zilizounganishwa nayo. Ukiletewa pendekezo la mradi, soma MWh, kisha tafuta MW za inveta. Betri ya MWh 400 yenye inveta ya MW 50 itatoa MW 50 tu jioni, hata ikiwa imejaa pomoni.

Mzazi wako