Kitenge kilikuwa kimeshakatwa

Goma, 12 Oktoba 2025

Dada mpenzi,

Yezu Kristu asifiwe. Habari za Lubumbashi, na joto lenu la Oktoba? Hapa mvua imeanza na vumbi la mawe meusi limetulia kidogo. Sisi tuko. Mabenki yamefungwa tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari, kuushika mshahara mkononi ni safari, lakini kengele inalia saa moja na nusu na watoto wanakuja. Mtoto akija huwezi kumwambia rudi nyumbani.

Kumbe masista wamekuomba ushike kozi ya dini na vijana wa shule, umsaidie padri mlezi mwenye parokia nzima mgongoni. Nimefurahi, na nimekuhurumia. Unauliza nani atakulipa, uanze na kitabu gani, na vijana wa siku hizi wanataka nini.

La kwanza ni fupi. Tangu mkataba wa 26 Februari 1977, shule zetu hizi za Kikatoliki zinasimamiwa na Kanisa, lakini anayelipa ni Leta, yaani serikali. Jina lako lisipoingia kwenye orodha ya Kinshasa, utaimba Aleluya bila mshahara. Mimi nilikaa hivyo miaka minne, nikila pesa ya wazazi wa wanafunzi. Shule za msingi ni bure tangu 2019, ila huku sekondari mzazi bado anatoa. Usilisahau hilo unapoendelea kusoma.

Kitabu sina. Nina kisa, tena cha aibu.

Floribert Bwana Chui unamjua. Kijana wa hapa hapa Goma, alisoma sheria, akapata kazi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alikuwa mtu wa Sant'Egidio, ile jumuiya ya Wakatoliki walei, Jumapili zake zilikuwa za maibobo, watoto wa mitaani. Julai 2007 alikataa pesa za watu waliotaka apitishe chakula kilichoharibika. Wakamteka, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni mwaka huu ametangazwa mwenye heri, hatua ya kabla ya utakatifu, kule Roma katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Ingekuwa hapa kwetu, lakini hali ya mji unaijua.

Miaka yote nilikuwa ninafundisha watakatifu wa mbali, na watoto wanasinzia. Kwa Floribert hakuna aliyesinzia. Mmoja shangazi yake anauza mchele sokoni Birere, mwingine baba yake anapitisha mizigo ya watu mpakani. Swali la kwanza halikuwa la dini hata kidogo: walitaka kumpa dola ngapi? La pili: na bosi wake, yeye alikuwa anakula? Nilicheka, kisha nikaona hawachezi. Walikuwa wanapima bei.

Nikawaletea maneno ya Baba Mtakatifu Fransisko. Alipokutana na vijana Kinshasa, 2 Februari 2023, alitumia vidole vitano vya mkono, kila kimoja na kazi yake. Cha kati kilikuwa cha unyofu, na hapo ndipo alipomtaja Floribert. Nikawaambia darasa zima wainue kidole cha kati. Wewe usirudie kosa hilo. Dakika tano nzima sikuweza kuwanyamazisha.

Sasa aibu yenyewe. Siku chache kabla ya matokeo kusomwa, mama mmoja alinivizia langoni na mfuko mweusi. Ndani, kitenge cha yadi sita, kile kizito. "Mwalimu, ni asante tu, umechoka sana na watoto wetu." Nikapokea. Pointi nilikuwa nimeshaziandika, mtoto wake alikuwa amepita kwa nguvu zake, na nani kwetu anakataa zawadi ya mama mtu mzima? Jioni ile ile kitenge kilikuwa mezani kwa fundi. Sikusikia hata mwiba.

Septemba nikaingia darasani nimekivaa. Wasichana wakatazamana; kumbe mama yule alikuwa ametangaza mtaani. Halafu kijana mmoja wa nyuma, yule asiyesema, akauliza taratibu: "Mwalimu, Floribert angekishona?"

Nikawaambia wanipe hadi Ijumaa.

Nilimwendea padri. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akasema zawadi ikija baada ya pointi ni zawadi, ikija kabla ni matabishi, yaani rushwa. Nikamjibu ilikuja baada. Akaniuliza: mama alikuwa anajua kama mtoto wake amepita? Hapo ndipo miguu iliponiisha, dada. Mimi nilikuwa ninajua, yeye hakujua. Yeye alikuwa ananunua, mimi nilikuwa ninapokea asante.

Nikabeba dola kumi na tano, nikaenda kwake. Alikasirika kuliko nilivyotazamia. Kwamba nimemtukana, kwamba mwaka uliopita mwalimu mwingine alipokea mbuzi na hakuna aliyerudisha hata kwato. Pesa hakuzishika. Nikaziacha juu ya kiti.

Ijumaa nikawaeleza wanafunzi yote, hata ya mbuzi. Wengine waliniamini, wengine walidhani ni mchezo wa mwalimu wa dini. Yule wa nyuma akainua tena mkono: "Na zile franka tunazochangishwa kabla ya mtihani wa Leta, zenyewe ni za nini?" Nikasema nitauliza. Nimeuliza ofisini mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi Jumatatu, mara ya pili niliangaliwa tu.

Kuhusu wanachotaka vijana, sijui bado. Ninachofanya ni kukaa kwenye benchi chini ya mti wa avoka masomo yakiisha, na kusubiri. Wiki nyingine hakuna anayekuja. Wiki nyingine anakuja msichana ambaye baba yake hajaonekana tangu Januari, anakaa nusu saa bila neno, anaomba maji, anaenda. Simtolei mstari wa Biblia. Kesho yake ninakuwa pale tena, nawe ukipata benchi lako usilikimbie, hata kama wenzako watasema huna kazi.

Nguo ile iko ndani ya sanduku. Imenikaa vizuri kweli, na wewe ingekutosha, lakini sikutumii.

Wasalimie watu wa shirika lako. Utuombee.

Dada yako wa Katindo